Mkaguzi Hatoki

Chekeni. Chekeni mpaka mbavu ziwaume, mkimaliza mniambie niendelee. Mimi niliyefanya kazi ya kuua panya miaka ishirini na miwili kwenye ghala la nafaka, mimi ambaye wabeba magunia walinibandika jina la Bi Mitego hadi jina langu halisi likasahaulika, leo nafuga panya. Panya mweupe, macho meusi, mkia mrefu. Analala chumbani kwangu na ana sahani yake. Anayeona hicho ni kituko, akatafute kingine cha kutazama.

Nilistaafu mwaka jana. Nikapewa saa ya ukutani na makofi, nikahamia kwa mwanangu wa kwanza, mwenye duka la vipuri vya magari. Alinipa chumba cha nyuma, karibu na jiko, chenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo. Chumba kizuri, sisemi uongo. Ila kila kilichokuwemo alikichagua yeye. Pazia yeye, godoro yeye, hata rangi ya kuta, ile kijani ya hospitali, yeye. Ukifungua mdomo anakuwahi: "Mama, wewe pumzika tu." Nilipumzishwa mpaka nikachoka.

Siku hiyo nilikwenda sokoni kutafuta vifungo vya gauni. Pembeni ya wauza kuku kuna mama mmoja anauza sungura, njiwa na panya weupe wa kufuga. Nilikuwa napita zangu. Nikamwona panya mmoja ndani ya boksi ananawa uso kwa mikono miwili, anasugua nyuma ya masikio, anarudia, kama mtu anayejiandaa kwenda harusini. Nikasimama. Miaka ishirini na miwili nimewaona panya kwa maelfu, na wote ama walikuwa wanakimbia ama walikuwa wamekufa. Sikuwahi kumwona hata mmoja akiwa kwenye shughuli zake.

"Namtaka huyo," nikasema.

Muuza sungura akanipima kwa macho. "Umewahi kufuga, mama?"

"Mwanangu, mimi nawajua panya kuliko wewe unavyoijua mikono yako."

Nilijigamba hivyo, tena kwa sauti, watu wanasikia. Kumbe nilichokuwa nakijua ni namna wanavyokufa. Namna wanavyoishi sikuijua hata robo.

Nyumbani, mkamwana wangu alifunua kikapu akidhani ni nyanya. Yowe alilopiga lilimtoa mwanangu bafuni na povu la sabuni kichwani.

"Mama! Watu wanahangaika kuwatoa hao majumbani, wewe unamleta?"

"Hao wanaingia kwa tundu. Huyu kaingia kwa mlango, kwa mkono wangu."

"Atarudi alikotoka."

"Thubutu!" nikamwambia. "Nisikilize vizuri. Mama yangu alipofariki nililea wadogo zangu watatu. Nikalea ninyi wanne. Nikalea na wajukuu wawili. Nawapenda wote, Mungu anajua, lakini katika wote hao hakuna hata mmoja niliyeulizwa kama namtaka. Huyu nimemchagua mwenyewe."

Akabaki anafuta povu. Mwanangu si mtu mbaya. Ni mtu wa kuamua tu, anaamua mpaka yasiyomhusu. Mwisho akasema, "Sawa. Lakini akimuuma mtu yeyote humu ndani, hata wewe mwenyewe, anaondoka siku hiyo hiyo."

"Tumekubaliana," nikasema, kichwa juu.

Nikamtengenezea nyumba kwenye kabati la zamani la vyombo, lile la milango ya wavu. Nilikagua kila pembe kwa vidole, maana panya akipitisha kichwa amepita mwili mzima, na hilo nimewafundisha watu wazima wenye ndevu. Nikamchania shuka kuukuu la kulalia, nikamfungia chupa ya maji kichwa chini, nikamwekea na kipande cha mti cha kuguguna, kwa sababu meno yake hayakomi kukua. Chakula: nafaka, majani ya mboga, siku nyingine kipande cha yai. Siku ya kwanza alizunguka kabati lote, sharubu zinagusa kila kona, hakuacha hata msumari mmoja. Nikawakumbuka wakaguzi waliokuwa wanakuja ghalani na kalamu masikioni. Nikamwita Mkaguzi. Tofauti yake na wale, huyu hakuomba chai.

Sasa, kumzoesha. Hapo nikaingia na ufundi wangu wote wa ghalani, nikijiona profesa. Kule kazini, mtego haufyatuliwi siku ya kwanza. Unauweka na chakula siku tatu bila kuutega, panya waje, wale, wauzoee. Vizuri, nikafanya hivyo kwa mkono wangu. Siku tatu nikauweka mkono kabatini na punje kiganjani, nimetulia, sitikisiki. Na kule kazini panya akinusa mtu anakimbia, kwa hiyo kabla ya kushika mtego tulikuwa tunasugua mikono kwa pumba mpaka harufu ya binadamu itoke yote. Nikafanya na hilo. Kila ninapomwendea Mkaguzi, nasugua pumba mpaka viwiko. Kila asubuhi namtoa, nasugua kabati kwa dawa ya kuoshea sakafu mpaka linang'aa, natupa matambara yote, naweka mapya. Usafi wa ghala.

Siku ya tano akaniuma. Kidole cha shahada, damu ikachuruzika hadi kwenye kiganja. Nikafunga plasta, na mwanangu alipouliza nikasema ni sindano. Wiki iliyofuata akaniuma tena, kidole gumba. Nikasema kisu cha vitunguu. Nina miaka sitini na moja, nadanganya kama mtoto aliyevunja glasi. Mnajua kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimekubali sharti kwa mdomo wangu, na nilikuwa naogopa kumpoteza. Ndiyo. Niliogopa.

Jumatano asubuhi nikafungua kabati, nikamkuta Mkaguzi amejikunyata pembeni. Kuzunguka macho kulikuwa na wekundu. Puani wekundu. Hata mikono yake midogo aliyonawia uso ilikuwa na wekundu.

Dawa tuliyokuwa tunatumia ghalani ilikuwa ile inayoharibu damu. Panya anaila, siku mbili tatu anatoka mchana kweupe, anayumba, puani damu. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yetu kwamba dawa imefanya kazi. Nimeiona alama hiyo mara elfu, na kila nilipoiona nilifurahi. Nawaambia ukweli wangu.

Basi nikajiuliza: ndani ya nyumba hii, nani kampa sumu? Na jibu nikawa nalo tayari, maana nilikuwa namtafuta mtu, sikuwa natafuta ukweli. Nikaenda jikoni mbio. Mkamwana wangu alikuwa anamenya viazi.

"Umempa nini?"

"Nani, mama?"

"Usijifanye hamnazo! Mnyama wangu anatoka damu. Umemtilia sumu!"

Akaweka kisu chini polepole. "Mama, mimi hata kumtazama siwezi. Ningemlisha saa ngapi?"

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Sikuishia. Niliendelea, nikasema maneno mengine ambayo siyarudii, mabaya, ya kumgusa mtu na kwao, na nilikuwa nayasema kwa mikono yote miwili. Mwanangu akaingia. Alikuwa amesahau funguo za duka. Akasimama mlangoni akanisikia mpaka mwisho. Na katika kutupa mikono huko, plasta zikachomoka.

"Na hivyo vidole?" akauliza.

Nikaficha mkono nyuma. Nilikuwa nimechelewa. Alishaona alama za meno, mawili juu, mawili chini.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ndiyo iliyonitisha, "umemtukana mke wangu kwa ajili ya panya, na panya mwenyewe anakuuma. Jumamosi hayupo humu. Nimemaliza."

Nikamtia Mkaguzi kikapuni, nikashika njia ya sokoni, viatu mguu huu rangi hii, mguu ule rangi ile. Sikuona wala sikujali.

Muuza sungura alimpokea kwa mikono mitupu, akamlaza kifuani. Akalowesha pamba, akamfuta puani. "Anakula?"

"Anakula. Kapewa sumu, nakwambia. Hiyo damu naijua."

"Hii siyo damu, mama. Panya machozi yake yana wekundu. Akiumwa au akiwa na hofu yanamtoka mengi." Akaweka sikio kwenye mgongo wa Mkaguzi, akasikiliza. "Kifua safi. Hana ugonjwa huyu. Ana hofu. Nani anamtisha?"

"Mimi nitajuaje?"

"Hebu nipe mikono." Nikampa. Akainusa. "Mbona unanuka pumba?"

Nikamweleza, tena kwa majivuno kidogo, utaalamu wetu wa ghalani. Yule mama alicheka mpaka njiwa wakapiga mabawa. Halafu akaacha kucheka, akanitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kicheko.

"Mama, hizo ni mbinu za kumwendea adui. Panya haoni vizuri, mtu anamjua kwa pua. Wewe unamletea mkono usio na mwenyewe. Leo unaingia, kesho unaingia, hajui ni wa nani. Na kila asubuhi unamfutia harufu yake yote nyumbani kwake, anarudi anajikuta mgeni. Ingekuwa wewe, usingeuma?"

Nikaipangusa mikono kwenye gauni, pumba zikadondoka.

"Usipake kitu chochote," akasema. "Nenda na mikono yako ilivyo. Mpe nguo uliyoivaa alalie. Ukisafisha, mbakizie matambara mawili yake ya zamani. Na hiyo sumu, ulisema kampa nani?"

Nikainama kufunga kikapu.

Nimezaliwa na kiburi, lakini sikuzaliwa mjinga. Nilifika nyumbani nikaenda moja kwa moja jikoni, kabla moyo haujageuka. Mkamwana wangu alikuwa anakoroga sufuria, mgongo amenipa.

"Nilikuonea," nikasema. "Hukumpa kitu. Aliyekuwa anamtisha ni mimi. Na yale maneno mengine yote ni uongo. Nisamehe."

Mwiko ukasimama. "Nina miaka tisa katika nyumba hii," akasema bila kugeuka. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniambia neno hilo."

Kisha akaendelea kukoroga. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumdai.

Nikavua kitambaa cha kichwa nilichokivaa siku mbili, nikakitia kabatini kama kilivyo, na jasho lake na mafuta ya nywele. Pumba nikawamwagia kuku wa jirani. Alhamisi nikakuta Mkaguzi amekivuta kitambaa hadi kona yake, amekizungusha akawa katikati, kalala. Nikaweka mkono. Mkono mtupu, unanuka vitunguu na sabuni na uzee. Akaamka, akanusa kwa mbali, akarudi kulala. Hakuuma.

Ijumaa alikuja mwenyewe. Sharubu zikapita kwenye kiganja, kwenye mstari wa pete, zikafika kwenye kidole alichokiuma kwanza. Nikabana pumzi. Akakilamba. Kisha akapanda mkono, miguu yake baridi, akaingia kwenye mkono wa gauni langu mpaka kwapani, akajikunja humo akatulia. Nilisikia moyo wake unavyokwenda, mbio mbio, wa kwangu unaufuata nyuma. Nikalia. Ndiyo, Bi Mitego nililia kwa ajili ya panya. Mwenye neno aseme.

Mwanangu aliporudi nikamwonyesha. "Tazama macho yake, safi. Tazama mkono, hauna jeraha jipya."

Hakutazama. "Nilishasema Jumamosi, mama."

Na Jumamosi asubuhi akaja na mtu amebeba mtungi wa kupulizia dawa mgongoni, barakoa usoni, buti za mpira.

"Ni mende tu," mwanangu akasema, macho yake yako ukutani. "Nyumba nzima inapuliziwa. Watoto nimewapeleka kwa shangazi yao. Sisi tunatoka mpaka jioni. Na panya, mama, chagua. Ukitoka naye, hurudi naye. Ukimwacha, ndiyo hivyo."

Yule mtu akateremsha barakoa. "Shikamoo, bosi!"

Lo! Mwanafunzi wangu wa ghalani. Miaka sita nilimfundisha kazi, alikuja hajui kushika hata mtego wa chuma, sasa ana mvi kidevuni na mtungi wake mwenyewe.

"Marahaba," nikasema. "Umekuja kupuliza chumba changu?"

Akamgeukia mwanangu. "Kaka, hukuniambia ni kwa mama huyu."

"Kazi ni kazi," mwanangu akamjibu. "Anza na cha nyuma."

Sikubishana. Kubishana nilikuwa nimemaliza. Niliingia chumbani, nikafungua kabati, Mkaguzi akapanda mkono akaingia kwenye gauni, nikarudishia mlango wa chumba nikakaa kitandani. Kama wanataka kunipulizia, wanipulizie.

Lakini kuna jambo mwanangu hakulijua. Zamani, ghalani, mbeba magunia mmoja alilala nyuma ya rundo la magunia, tukafunga milango tukapuliza dawa. Tulimtoa ana povu mdomoni. Alipona, kwa bahati tu. Tangu siku ile niliweka amri: hakuna anayefungua dawa kabla ya kuita mara tatu mlangoni na kusubiri. Akijibu mtu, hata mara moja, dawa haifunguliwi. Nilimwachisha mtu kazi kwa kuita mara mbili. Na huyu aliyesimama nje ya mlango wangu ndiye niliyemkaririsha amri hiyo kila asubuhi kwa miaka sita.

Nikasikia buti zikikaribia, zikasimama.

"Kuna mtu ndani?" akaita, sauti ile ile ya ghalani.

"Tupo wawili!" nikajibu.

"Mama, acha mchezo!" mwanangu akapaza sauti. "Wewe puliza, atatoka mwenyewe akisikia harufu."

"Bado sijaita mara tatu, kaka." Akaita tena: "Kuna mtu ndani?"

"Tupo wawili, na hatutoki! Mwambie aliyekuleta, nyumba ni yake, sikatai. Anaweza kunifukuza kwa mdomo wake, mchana, majirani wanasikia. Lakini aseme! Asinitoe kwa mtungi!"

Hapo mlango ukafunguka. Nilidhani ni mwanangu, nikamkumbatia Mkaguzi kwa mikono miwili. Alikuwa mkamwana wangu, kashika pochi yake, kitambaa cha kutokea tayari kichwani. Aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Safari hii kwa komeo. Akavuta kiti mpaka ukuta wa mbali kabisa na mimi, akakaa, pochi magotini, miguu ameinyanyua juu ya upau wa kiti.

"Simpendi huyo mnyama," akaniambia. "Usimlete huku."

"Simleti."

"Wewe! Unafanya nini humo?" mwanangu akagonga mlango. "Toka!"

Mkamwana wangu aliutazama mlango. Mkaguzi akachomoza kichwa shingoni mwa gauni, akanusa hewa upande wake, naye akabana miguu zaidi lakini hakupiga yowe.

"Hata hiyo dawa sikuulizwa," akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe. "Ni jiko langu, na sikuulizwa."

Nje mwanangu alikuwa anasema kitu kwa haraka, na mwanafunzi wangu anamjibu neno moja moja. Kisha buti zikasogea tena hadi kizingitini.

"Naita mara ya tatu," akasema. "Kuna mtu ndani?"

Nikafungua mdomo, lakini mkamwana wangu alishasimama.

"Tupo watatu!" akajibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika nyumba ile.

Nikasikia mikanda ikifunguliwa, na mtungi ukiwekwa chini sakafuni.